Mguu Wangu Haukuondoka Kwenye Breki

Abti,

Kuna mlio mmoja haujanitoka. Si mlio wa trekta, wala si wa Aabo, maana baba yangu hakupiga kelele. Ni gogo la mathenge likipasuka chini ya ekseli: mlio mkavu, mfupi, kama mtu anapovunja mfupa wa mbuzi anyonye uboho. Huu mwaka wa nne, na mama akianza kuvunja kuni bado natoka nje.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kisomali ungenishinda. Wewe ni kaka wa mama yangu, una ulimi, unajua kukaa na wazee na kugeuza jambo mpaka aliyekosewa aombe radhi. Kiswahili ulikiokota ulipokuwa utingo wa malori, mimi nilikisoma. Hapa angalau mwenyeji ni mimi. Na barua naiacha wazi, asome anayetaka, kwa sababu uliyoyasema juu yangu hukuyasema faraghani.

Nianze na asubuhi ile, kwa kuwa umekuwa ukiisimulia vibaya.

Trekta dogo lilikuwa na msimu mmoja tu shambani kwetu kando ya Tana. Aabo alitaka kupanda tikiti, na magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekaribiana mno, yangekanyaga matuta. Kazi yenyewe inajulikana: unayatoa, la kulia linakwenda kushoto, la kushoto linakwenda kulia, na upana unaongezeka. Aabo akasema twende Garissa mjini tumlete fundi. Wewe ulikuwa umefika juzi yake kutoka Habaswein, umekalia jerikeni. Ukacheka.

"Shemeji, nimemlaza ngamia dume mwenye wazimu peke yangu. Hiki kidude ndicho kitanishinda?"

Nilikupenda dakika ile. Nakiri, kwa sababu sitaki uongo hata mmoja humu. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na nilikuona mtu asiyeogopa kitu. Ulipoichukua dabar, kamba yako ya kufungia miguu ya mbele ya ngamia asizurure, ukayafunga nayo magurudumu mawili ya mbele na kukaza fundo, nilidhani ni werevu. Hata Aabo alitabasamu. Sisi wote ni watu wa ngamia, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba ngamia aliyefungwa hutulia kwa sababu anaisikia kamba. Chuma hakisikii kamba.

Ukainua upande wa kulia kwa jeki ya lori, juu ya udongo laini wa mto. Ukasimamisha gogo chini ya ekseli, ukaitoa jeki. Gia ulikuwa umeitoa pia. Kisha ukanigeukia. "Wewe wa vitabu, panda ukanyage breki hiyo. Usiiachie mpaka nikuambie." Ulinionyesha kwa kidole, pedali ya kulia, nami nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Aabo akaingiza mguu chini ya tairi ili alidake litakapochomoka. Nati zilikuwa zimekaza. Ukapanda juu ya spana ukairukia. Trekta likasogea nyuma kiasi cha shubiri moja, halafu ule mlio.

Tairi lilikuwa bado juu ya mguu wake uliposema, "Si nilikuambia usiachie?" Hayo ndiyo maneno yako ya kwanza. Hukutamka jina la Mungu, hukuikimbilia jeki. Ulikimbilia kunilaumu.

Wazee walipokuja nyumbani kumpa Aabo pole, uliwasimulia nikiwa nawamiminia chai. Msichana aliogopa, ulisema, mguu ukateleza, tusimlaumu, ni mtoto tu. Ulisema kwa sauti ya huruma, na hiyo sauti naichukia kuliko maneno yenyewe. Wazee wakasema ni qadar, Mungu ameshapanga, wakaomba dua. Ndipo Aabo, mguu umefungwa hadi gotini, akaniita mbele yao akatangaza kwamba amenisamehe.

Unajua inavyokuwa, Abti, kusamehewa kosa la mtu mwingine? Unatakiwa ushukuru. Nilishukuru, nikambusu mkono. Na kibaya zaidi ni kwamba nilikuamini. Chuoni, katikati ya somo, nilikuwa nikiuhoji mguu wangu: uliteleza saa ngapi? Hata kwenye swala niliuangalia. Wewe ulirudi kwa ngamia wako. Aabo alirudi shambani na mkongojo.

Likizo hii nilipanda kwenye kiti cha trekta na kitabu chake, kile mlichokuwa mkichana kurasa zake kufutia mafuta. Ukurasa niliouhitaji ulikuwa umebaki. Breki za trekta hili ni pedali mbili, kila moja na gurudumu lake la nyuma, ili liweze kukata kona fupi. Kuna kifungo kidogo cha kuziunganisha. Nikainama nikatazama. Kifungo kilikuwa wazi, kimeota kutu hivyo hivyo kilivyo. Pedali ya kulia hushika gurudumu la kulia, na gurudumu la kulia ndilo ulilokuwa umelinyanyua hewani. Ningekanyaga mpaka nyonga inivunjike, trekta lingekwenda tu.

Kwamba hukujua, ningeweza kukuelewa. Hata sisi hatukujua. Lakini nilipomfuata fundi mjini, alinieleza, bila kujua ananieleza nini, kwamba jambo hilo alikuambia wewe wiki ile ile, baada ya ajali, alipokuja kulikagua trekta na kuyapanua magurudumu. Ulijua, basi. Ulikaa kwenye mkeka wetu siku tisa nyingine, ukala chakula changu, ukaniita mtoto.

Hooyo, dada yako, aliniomba ninyamaze. Alisema nikimwaibisha kaka yake nimemvua nguo yeye. Nikakifunga kitabu, maana ninampenda. Kisha ukapiga simu kwamba unakuja baada ya Idi kuyarudisha magurudumu ndani kwa ajili ya vitunguu. "Msichana asikaribie, atatuvunja na mguu wa pili," ukasema, ukacheka. Simu ilikuwa kwenye spika. Aabo alikuwa ameketi pale.

Nimekutangulia. Jumamosi tulifanya kazi ile mimi na fundi, Aabo akitazama. Tuliliweka trekta kwenye saruji ya kisima, ufunguo mfukoni mwangu. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa kuwa yale ya nyuma yakiwa hewani breki haishiki chochote. Kabari nyingine juu ya ekseli ya mbele, lisiyumbe. Nati nilizilegeza tairi likiwa bado limekanyaga chini. Ndipo jeki, na stendi za chuma pande zote mbili. Hakuna mguu wa mtu uliokuwa chini ya kitu. Hakuna aliyetaja ngamia.

Kabla hatujalitoa gurudumu la kwanza, nilihakikisha kile kifungo bado kiko wazi, nikatoa gia, nikamwomba Aabo asukume pedali ya kulia kwa mkongojo wake, akiwa amesimama chini. Akasukuma. Fundi akashika gurudumu la kulia, halikugeuka. Akashika la kushoto, likazunguka kwa mkono mmoja.

Aabo alilitazama mpaka likasimama lenyewe.

"Kwa hiyo mguu wako haukuondoka."

"Haukuondoka, Aabo."

Akaniomba msamaha. Mzee wa umri wake, mbele ya fundi. Hilo nalo ni lako, liongeze kwenye deni la mguu wake.

Magurudumu yamekaa, meno yanatazama mbele. Nati nilizikaza kwa kupishana, na baada ya saa moja ya kulima nikazirudia. Ijumaa Aabo aliwaeleza wazee wale wale, kwenye mkeka ule ule, nami nikamimina chai.

Dabar yako ilikuwa bado inaning'inia stoo. Jana niliikunja, nikaitia kwenye mfuko, nikampa kondakta wa basi la Wajir aishushe Habaswein kwa jina lako. Ukija kwa dada yako, utakaribishwa ule. Usitafute trekta. Ufunguo ninao mimi, na Aabo ndiye aliyenikabidhi.

Wasalimie ngamia.

Mtoto wa dada yako,
yule wa breki