Mukono Uliokataa Kufunguka

Likasi, mwanzo wa Oktoba 1970

Mama yangu mupenzi,

Moyo, Mama, ninakusalimia kwa salamu ya kwenu. Moyo tena, na moyo kwa wote walio ndani ya uzio wa lupango lako pale Luputa, pamoja na Baba Katekista Fidèle anayekusomea karatasi hii. Magoti yako yanaendeleaje? Ulisema yanakuuma ukiamka. Uyapake mafuta ya moto kabla ya kusimama, si baadaye, maana ninakujua: unaruka kitandani kama musichana halafu unaanza kulalamika. Sisi huku tuko wazima. Mume wangu Germain anaenda kazini, watoto wanakula bukari ya unga wa mahindi kama watu waliolima siku nzima, na joto limetushika shingo. Baba Katekista, ninakuomba kitu kimoja: usiruke maneno hata kama ni mengi. Na hizo alama nyekundu kwenye pembe za karatasi si damu, musishtuke. Nitasema ni nini.

Mama, habari yako imenifikia. Umeamua kuja kumuchukua Evariste. Unasema mutoto wako wa mwisho amekwisha kuharibika huku kwenye migodi ya shaba, afadhali akae kwako kivulini, umupe uji kama zamani, mpaka Mungu aamue. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo: nilipiga sufuria chini na Germain akatoka inje. Lakini ninakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu upande treni ukitaka.

Unajua nusu tu ya mambo. Unajua kwamba mwaka jana, wakati wa mvua, udongo uliwaangukia shimoni upande wa Kamatanda, yeye na rafiki yake Barnabé, yule aliyekula kuku muzima kwenye ndoa yangu. Unajua kwamba Evariste alitolewa akiwa hai na Barnabé alitolewa akiwa amekufa, na sanduku lilipigwa misumari, hata muke wake Adrienne hakuonyeshwa uso. Jambo ambalo sikukuandikia ni mukono. Mukono wa kuume wa Evariste ulibaki umefungwa. Ngumi, Mama. Akila, ngumi. Akilala, ngumi. Kumukata kucha ilikuwa kazi ya kuingiza ncha ya mukasi kidogo kidogo, ili zisimutoboe kiganja. Dokta alipiga picha, tukaitazama pamoja, akasema mifupa ni mizima, mishipa ni mizima, hakuna kinachouzuia mukono ule kufunguka. Alisema kwa adabu, bila kumuita Evariste muongo, kwamba ugonjwa huo yeye hana sindano yake.

Sasa, weye unaijua kazi yangu. Kule kwenye chumba cha massage, cha kukanda wagonjwa wa hospitali, wanaume wenye mabega kama milango wanalia mbele yangu nikiwashika mugongo, na wakitoka wanatembea. Ninajisifu? Ndiyo, ninajisifu, na mikono hii niliipata kwako, weye uliyewakanda wazazi wapya wa kambi yetu nzima ya mugodi na maji ya moto. Nikajiambia, ndugu yangu wa tumbo moja hatanishinda. Kila jioni nilimulaza kwenye mukeka, nikamukanda tangu shingo mpaka kiuno. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu ya masikio, na pumzi yake fupi kama ya muntu anayesikiliza nyuma ya mulango. Chini ya mikono yangu yalishuka. Asubuhi yalikuwa yamerudi juu. Miezi ilipita hivyo, na yeye kimya. Siku moja nilimupigia kelele kwamba mikono yangu imechoka naye, na yeye akaniambia tu kwamba niache. Siku hiyo nililia jikoni, na kitunguu mukononi ili watoto wasiniulize.

Kilichotuokoa ni Mama Mathilde na ugomvi wake. Huyu ni jirani yetu, mama wa Kapolowe, mufinyanzi wa vyungu, ulimi mukali na udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Jumamosi moja joto lilizidi ndani, nikamukandia Evariste inje, amekaa kwenye kibao, na Mama Mathilde anaponda udongo wake pale karibu. Evariste alinyoosha mukono wa kushoto, akachukua bonge, akaanza kulibinya sawasawa na mikono yangu mugongoni. Nikisukuma, anabinya. Nikiachia, anaachia. Na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua ile: pumzi yake ilishuka mpaka tumboni.

Mama Mathilde alipoona, alipiga kelele kambi nzima ikasikia. Alisema kwao mwanaume hagusi udongo wa vyungu, vyungu vyote vitapasuka motoni, na atakayelia ni nani? Niliomba musamaha, nikapiga magoti kabisa, minye Hortense unayenijua. Lakini lile bonge nilikataa kulirudisha. Tukapatana hivi: Evariste awe na udongo wake, auchimbe mwenyewe kando ya muto, na asikaribie moto wa mama. Na nani alianza kupita kila jioni kumuonyesha namna ya kutoa vijiwe na kuponda kwa miguu? Mama Mathilde huyohuyo, huku anatukana.

Tangu hapo nilifanya kazi mbili kwa moja. Ninamukanda, anafinyanga. Nilimuambia afunge macho, atafute mahali panapomuuma mwilini, halafu mikono itengeneze mahali pale panavyofanana. Usiniulize wazo hilo nililipata wapi, lilikuja lenyewe na minye nikalishika. Kifua chake kilitoka kama jiwe lenye ufa. Tumbo lilitoka kama chungu kitupu, kifuniko kimekazwa. Baadaye vilikuja vitu vya kuchekesha: mbuzi, kofia ya mugodi, Germain amelala mudomo wazi. Na ile ngumi, Mama! Aliiingiza ndani ya bonge, akazungusha, likatoka bakuli zuri kuliko lolote la sokoni. Mama Mathilde aliligeuza, akaligeuza tena, akasema ni hasara huyu kuzaliwa mwanaume. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Dokta naye alikuja kuangalia, akaniomba nifanye hivyo na wagonjwa wengine ambao mifupa yao imepona na wao hawajapona. Kwenye chumba changu sasa kuna pipa la udongo. Dokta mwenyewe alijaribu, akafinyanga kitu alichosema ni ndege. Tulimupigia makofi kwa heshima.

Halafu, mwezi uliopita, Evariste alifinyanga mukono. Mukono wa mwanaume, mukubwa, vidole vimekunjwa kama vinashika kitu, na kidole kidogo kimekatika juu. Nilipokiona kidole kile, nilijua ni cha nani. Aliyekuwa na kidole hivyo ni Barnabé peke yake. Aliuweka kwenye dirisha ukauke, na hapo ndipo tulikosea. Muntu amezikwa ndani ya sanduku la misumari, na mukono wake unaonekana kwenye dirisha la rafiki aliyepona: weye mwenyewe ungesema nini? Kabla ya bukari ya muchana kuiva, watu walisema kwamba Evariste ni mulozi, muchawi, alimuuza mwenzake ili apone, na mukono ule ndio dawa yake. Mama Mathilde alisimama mulangoni na muti wake wa kupondea, akawaambia anayetaka kuingia aanze na yeye.

Jumapili, misa ilipokwisha, alikuja Philippe, ndugu mudogo wa Barnabé, na nyundo. Nyuma yake Adrienne na nguo zake nyeusi. Nilisimama mbele ya dirisha. Ndipo Evariste alitoka ndani. Aliuchukua mukono wa udongo, akamupelekea Adrienne, akakaa chini mbele yake. Baba Katekista, hapa soma polepole.

Alisema kwamba kule chini udongo ulimufunika yeye mpaka kifuani, na Barnabé ulimufunika wote, isipokuwa mukono. Aliushika. Barnabé alimubinya, naye akabinya, ili kila mumoja ajue mwenzake yupo. Walikaa hivyo gizani, wanaulizana na kujibizana kwa vidole tu. Mwishowe mukono wa Barnabé uliacha kujibu. Kamba ikashuka, watu wa juu wakapiga kelele kwamba aishike kwa mikono yote miwili, na yeye akaachilia. Niliachilia, alisema, niliachilia, na ngumi yake inagonga goti. Alisema mukono wake ulipofunguka, muntu alibaki chini, na tangu siku ile unaogopa kufunguka tena. Nikaelewa, Mama, kwa nini ule udongo ulimuita siku ya Mama Mathilde. Minye ninasukuma, yeye anajibu, kama vidole vya kule shimoni.

Philippe alibaki na nyundo yake hewani. Adrienne hakumutazama. Alikaa chini naye, akauweka ule mukono kwenye mapaja, akapapasa kile kidole kilichokatika, akasema hapa Evariste amekosea, kilikuwa kifupi zaidi, Barnabé alipenda kukirefusha akikisimulia. Akalowesha kidole chake kwa mate, akakisugua kile cha udongo mpaka kikapungua. Hapo akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya sanduku. Alisema mwaka muzima kitu kimoja kilimunyima usingizi: kwamba mume wake alikufa peke yake gizani, bila muntu. Na leo anasikia kwamba muntu alikuwapo, na alimushika mpaka mwisho. Aliifunika ngumi ya Evariste kwa mikono yake miwili, akamushukuru kwa kumushika.

Nami nikaona kidole kidogo cha Evariste kinatoka kati ya vidole vya Adrienne. Kidogo tu, kama kifaranga. Sitakudanganya kwamba ngumi ilifunguka yote palepale. Nimeikanda na maji ya moto siku nyingi tangu hapo, na yeye amelia na amenitukana. Lakini alilala usiku ule kama mutoto, mabega chini. Philippe alikuwa anatafuta namna ya kuondoka na heshima yake; Mama Mathilde akamupa ndoo, akamutuma maji. Mukono wa udongo uko kwa Adrienne sasa. Jirani zetu wanapita wanasalimia kwa sauti kubwa kupita kawaida, na minye ninawaitikia kidogo.

Kwa hiyo, Mama, panda treni, lakini usije kumuchukua. Njoo umuone. Shimoni hatarudi. Dokta amemupokea kwenye chumba changu, na Jumatatu alianza, ndani ya koti jeupe linalomufika magotini. Alikuja baba mumoja wa Kambove ambaye hageuzi shingo tangu mashine imupige. Evariste hakumuuliza mengi. Alimupa bonge la udongo, akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake mugongoni, yote miwili. Nilitoka inje kujifanya ninatafuta sabuni. Nimezaa watoto, Mama, na sijawahi kujivuna namna ile.

Unisalimie dada zako wote, na shemeji, na wale wanaosema kwamba mutoto wa Likasi hana dawa. Hao uwasalimie kwanza. Germain anakusalimia, anasema nimemuomba musamaha wa ile sufuria, jambo ambalo si kweli. Ukija, tubebee mafuta ya mawese ya kwenu. Ya hapa ni maji yenye rangi. Mungu ayalinde magoti yako njiani.

Minye mutoto wako anayekupenda,

Hortense

Zile alama nyekundu za pembeni, Mama, ni udongo wa vidole vya Evariste alipoishika karatasi. Sasa igeuze. Evariste aliuchovya katika udongo wake na kuuweka hapo mwenyewe, mukono wa kuume, na vidole vyote vimefunguka. Hapa humuhitaji Katekista. Weka wako juu yake.