Kengele ya Sebuleni kwa Kasisi

Thornby Magna, Jumapili

Dada yangu Hester,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Ile nyumba ya kasisi imegawanywa kuwa nyumba tano, na sebule kubwa pamoja na mlango wa mbele ni vyangu mimi, binti wa mpishi! Lile jiko alilopikia Mama sasa ni nyumba ya Rupert, mjukuu wa kasisi. Yeye ndiye apitaye mlango wa nyuma.

Jana nilimleta Mama. Miguu ikamvuta uani kwa mazoea. Nikamshika mkono, "Huku, Mama."

"We mtoto, viatu vyangu vina tope!"

Nikamwambia zulia ni langu, alichafue apendavyo.

Ndani akasimama pale pale uliposimama wewe na tumbo lako, siku kasisi alipokufukuza. Akaiendea kamba ya kengele, ile iliyomwita kutoka jikoni miaka yote na yeye hajawahi kuigusa, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Kumbe waya haukuwahi kukatwa! Mara Rupert huyo, anahema, aproni kiunoni. "Kuna nini jamani? Kengele inalia jikoni kwangu!"

Mama akaketi, akanyoosha sketi yake.

"Chai, mwanangu. Maziwa kidogo tu."

Akaileta, Hester! Tena kwenye sinia!

Mama anasema ukija na mwanao, kengele utaivuta wewe.

Mdogo wako,
Enid