Taata, Nilishuka Mlima Bila Gia

Mpendwa Taata, baba yangu,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na hofu, na hofu yenyewe nimekaa nayo wiki tatu bila kumwambia mtu, hadi leo.

Unakumbuka uliponifundisha kuendesha pikapu yetu, kwenye ule mteremko wa kutoka Nyakatuntu? Kahawa ilikuwa nyuma, mimi kwenye usukani. Ulinitaka niweke gia ya pili kabla hatujaanza kushuka. Nikaachia mafuta, injini ikanguruma hadi nikadhani itapasuka.

"Taata, tunaiua," nikasema.

"Haifi. Inatushika. Mguu wako uko wapi?"

"Juu ya breki."

"Utoe. Acha injini ifanye kazi."

Tulipofika chini ulinigusisha rimu. Ilikuwa vuguvugu tu. Ukanieleza kwamba ndiyo maana breki zetu zinadumu, na kwamba gari likishuka kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, karibu halinywi kitu, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka free, yaani ukitoa gia, injini inalazimika kujiendesha yenyewe, na hapo inataka dizeli. Ulinikataza jambo moja, kupunguza gia kwa pupa, maana klachi ndiyo inayoliwa.

Nilikuelewa, Taata. Siwezi kusingizia ujinga.

Ulipofariki, gari lilibaki kwangu. Madereva pale sokoni walikuwa wakinicheka wakisikia ninavyoteremka. "Dada, unaunguza mafuta bure," mmoja akaniambia. "Weka free, mlima ukusukume." Siku moja nikajaribu. Gari likawa kimya, likateleza vizuri. Nikajaribu tena, na tena, mpaka ikawa tabia.

Siku yenyewe, wiki tatu zilizopita, mama alikuwa kando yangu na magunia ya kahawa yamejaa nyuma. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikaweka free kule juu, nikawa naminya breki kidogo kidogo. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Nani anachoma nini?" mama akauliza.

Nikakanyaga breki. Ikazama mpaka chini, hakuna kitu.

Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona kuna bomba ambapo watu huchota maji. Nikakanyaga klachi, nikailazimisha gia ya tatu. Ikagoma, ikalia, ikaingia. Gari likatikisika, tukarushwa mbele. Nikaingiza ya pili. Nikavuta breki ya mkono taratibu na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, likakwaruza, likaingia kwenye migomba ya watu na kusimama. Mama alikuwa amelishika goti langu. Alikuwa akisema, "Mpora, mpora," polepole, polepole, kama anayemtuliza ng'ombe.

Fundi alikuta breki zimeungua na klachi imelika. Jumapili mama alisimama kanisani kutoa shukrani. Alisema breki zilikatika ghafla, binti yake akamwokoa. Waumini wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Tangu hapo sijatoa gia tena mteremkoni. Nashuka na ya pili, mahali pengine hata ya kwanza, na bado ile harufu inanijia. Lakini yale makofi ndiyo yaliyonitisha zaidi.

Leo mchana nilimkuta mama akimenya ndizi nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Kwamba breki hazikukatika zenyewe. Kwamba nilizichoma mimi, kwa kutoa gia.

Kisu kikasimama.

"Baba yako hakukufundisha hivyo."

"Hakunifundisha hivyo."

Akamenya ndizi mbili nzima bila kunitazama. Nilitamani anikemee, nimalizane nayo.

"Kesho kahawa inaenda?" akauliza.

"Inaenda, mama."

"Basi nitakaa mbele. Nitautazama mkono wako kwenye gia."

Taata, ninaiogopa kesho kuliko nilivyoogopa siku ile. Siku ile ilikuwa sekunde chache, na mama hakujua. Kesho ni mlima mzima, naye anajua, na bado atapanda.

Lala salama, Taata. Mimi nitaweka gia.

Ni mimi binti yako, uliyemwachia gari