Ukurasa wa Daftari la Siku Ile

Mdogo wangu mpendwa,

Nivumilie mwandiko, naandika nikiwa kitandani. Kikohozi hakijapungua, na binti yangu ameniletea blanketi la pili.

Unakumbuka kompyuta yetu ya zimamoto ilipokwama dakika tisa, mama mmoja akateketea nyumbani kwake? Wewe ndiwe uliyekuwa zamu, na mkuu wa kituo alikuuliza, "Ulilala kazini, bwana?" Ukanitazama. "Kaka, mwambie sikulala." Nikainamisha kichwa.

Hukulala. Asubuhi ile nilibadilisha kwa siri kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha kompyuta, nijaribu kanuni yangu: kumbukumbu ya kompyuta ikijaa, zitolewe kurasa, yaani vipande vya data, zilizokaa muda mrefu bila kuguswa. Ramani ya mtaa ule haikuwa imeguswa wiki nzima, ikatupwa diskini, kunakosomwa polepole. Ulipoiita, kila ukurasa uliorudi ulisukuma nje mwingine uliohitajika, nawe ukabaki kubonyeza tu.

Ulifukuzwa, mimi nikapandishwa cheo. Wanao wamekua wakiitwa watoto wa mlalaji.

Humu nimeambatisha ukurasa wa daftari langu la siku ile, nilikoandika badiliko lile, wenye saa na sahihi yangu. Wasomee wanao. Msamaha siombi, maji yakimwagika hayazoleki.

Ni mimi kaka yako, niliyejua tangu siku ile.