Pilau ya Arobaini ya Zuhura

Tunduma

Dada yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumai mmeamka salama huko Kondoa, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Sisi tuliobaki tu wazima. Simu nilikukatia makusudi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Hilo neno ulilonitamkia juzi, hapa Tunduma linagawiwa kama njugu. Ukimaliza nyumba kabla ya jirani yako, wewe Frimasoni, umetoa roho ya mtu upate mali. Ukivaa pete kubwa, Frimasoni. Muuza mitumba akipata wateja wawili kwa mpigo, wenzake wanatikisa vichwa, tayari kajiunga. Saidi wangu aliponunua Fuso la kubebea mahindi kutoka Msangano, nilijua zamu yetu imefika. Sikujua itakuja hivi.

Zuhura aliugua msimu uleule. Malaria ilimmaliza damu. Hospitali hawakuwa na ya kumwongezea, wakamlaza baba yake kitanda cha pili wamtoe yake. Kabla haijamfikia, mtoto akakata roho. Saidi akatoka nje analia, pamba ingali mkononi, na watu wakaiona ile pamba. Kufika jioni mtaa mzima unajua: mtoto kafa hana damu, baba katobolewa mkono. Eti alikuwa akitia saini ya damu kwa wakubwa zake. Kaburi alilichimba yeye na utingo wake, wawili tu.

Arobaini nikachinja mbuzi, nikapika pilau. Wanawake wa mtaani walikuja, Waislamu kwa Wakristo, wakakaa mkekani, wakanawa. Masinia yakawekwa. Hakuna mkono ulioingia. Nikawakaribisha tena. Mama Tusekile, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyemshika Zuhura vidole akijifunza kutembea, akanijibu kwa sauti ya chini kabisa:

"Utusamehe, mama. Nyama ya mtoto sisi hatuli."

Nikaketi, nikala peke yangu wao wakitazama. Nilikula mpaka nikatapika palepale, nao wakatafuta viatu vyao. Nasikia hata matapishi yangu wameyatafutia maana.

Nikajipa moyo kwamba nina dada. Nikakupigia nikulilie, wewe uliyenilea. Ukanisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema: "Mlete Yusufu huku, kabla wenyewe hawajaja kumdai naye." Mama Tusekile nitamsamehe siku moja, maana hatukunyonya ziwa moja. Wewe siwezi.

Yusufu, huyu mmoja niliyebakiwa naye, simleti. Ni mtoto wa Saidi, atakula mkononi mwa Saidi.

Msalimie shemeji. Msalimie mama, ila barua hii usimsomee. Na baba mdogo Ramadhani, aliyeezeka nyumba ya mama, mwambie nashukuru, alipigilia vizuri.

Mabati yale yalitoka kwenye safari ya kwanza ya Fuso hilohilo. Wewe mwenyewe uliyapokea kwa vigelegele, Zuhura akiwa mzima, amebebwa mgongoni kwako. Kama gari lilinunuliwa kwa roho yake, basi na hayo ni roho yake. Anayekuletea barua hii ni dereva wetu. Nimempa nyundo, na nimemwambia asubiri. Kama unaamini ulichosema, panda juu uyang'oe yote, ayarudishe.

Ukishindwa, lala chini yake. Mvua ikinyesha, msikilize mwanangu.

Niliyekuwa mdogo wako,
Rehema