Vidonge Nilivyokutumia kwa Basi la Kisaki

Mzinga, Morogoro
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Hafidha,

Assalamu alaikum. Magoti yanaendeleaje? Mpunga umevunwa salama? Huku ukungu haujaondoka mlimani siku ya tatu leo. Kolero yetu iko nyuma yake. Mwaka wa arobaini na moja tangu nishuke, na bado kila asubuhi naitazama.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu ungecheka, ukakata. Mwezi uliopita nilianguka jikoni, sakafu kavu kabisa, nikavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Usishtuke, kinaunga.

Daktari alishangaa mfupa kuvunjika kwa anguko dogo vile. Akauliza dawa ninazotumia. Nikataja omeprazole, ile ya kupunguza tindikali tumboni, tena kwa fahari: miaka saba sijakosa hata siku moja.

"Mzee wangu, nani alikuandikia miaka saba?"

Hakuna. Niliandikiwa siku kumi na nne. Zilizobaki nilijiandikia mwenyewe duka la dawa. Mimi ninayesoma hata gazeti lililofungiwa maandazi, karatasi ya ndani ya boksi sikuwahi kuikunjua. Sasa nimeisoma. Ikitumiwa muda mrefu, dawa hii inaweza kudhoofisha mifupa na kupunguza vitamini B12 mwilini. Huenda ndiyo sababu nyayo zangu hufa ganzi, nami nikidhani ni uzee.

Aliyekuja kunijulia hali ni mmoja tu, mtani wangu Laurenti, jembe begani. "Nimeambiwa Mluguru amelala, nimekuja kuchimba kaburi. Kumbe bado unapumua! Umenipotezea siku." Nilicheka mpaka mkono ukauma. Alipoondoka, nyumba ikawa kubwa tena.

Hafidha, mwaka wa tatu huu nakutumia boksi kila mwezi, pamoja na majani ya chai. Ulisema tumbo linawaka, nikakugawia dawa yangu kama tulivyogawana magimbi kwa mama. Nilijiona nakutunza. Nawe bado unabeba ndoo kichwani.

Usiache ghafla; daktari anasema tindikali inaweza kurudi kwa nguvu. Nenda zahanati na boksi, uwaambie miaka yote mitatu. Ukiona aibu, sema ni kosa la kaka yako.

Mwezi huu basi litakuletea majani ya chai peke yake. Usidhani nimekusahau.

Msalimie shemeji Abuu, na Nasra umbusu. Mwenyezi Mungu akulindie mifupa yako.

Kaka yako akupendaye, asiye na mdogo mwingine,
Hashimu