Breki za Kutoka Momela

Elibariki mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Nduruma tu wazima, na ng'ombe wetu amezaa. Lakini wewe unanichosha! Eti una leseni daraja D ya gari dogo, sasa daraja E ya malori ya nini, gari si ni gari? Hayo hayo niliyasema mimi. Nikapakia viazi kwenye lori, nikashuka kutoka Momela, nikatoa gia literemke lenyewe ili nibane dizeli, kama nilivyozoea kwenye pikapu. Lori likasukumwa na uzito wa mzigo, likashika kasi, breki zikanuka moshi, zikafeli. Tulikuja kusimama ndani ya migomba ya watu.

Nenda ukasome, kichwa ngumu wewe!

Bibi yako anakusalimu. Siku ile alikaa pembeni yangu. Mpaka leo, hata nikiendesha polepole, mkono wake hautoki kwenye kitasa cha mlango.

Babu yako